Visu Sita vya Feri na Bitana Nyekundu

Kisu cha kwanza kilirudi kimeviringishwa kwenye kiroba cha sukari. Mama aliyekileta, ambaye amepaa samaki pale Feri, soko la samaki la Dar es Salaam, kwa miaka mingi, hakupiga kelele. Alichomeka ukucha kati ya mti wa mpini na chuma, ukucha ukapita, halafu akakiinamisha kisu. Tone jeusi likadondoka juu ya meza ya fundi. "Mwanangu," akasema, "humu ndani kuna samaki wa juzi."

Fundi ni rafiki yangu, ana banda lake Keko, amezungukwa na watengeneza samani. Mimi ajira yangu ni ufundi mitambo. Visu natengeneza mwisho wa wiki, kwa mapenzi tu. Aliniita kwa sababu ndani ya wiki mbili visu vinne kati ya sita vilikuwa vimerudi, na mkosaji alikuwa ameshampata: gundi feki. Alichotaka kwangu ni jina la duka linalouza ya kweli. Nikamwambia kabla ya kwenda dukani tuvivunje kwanza.

Oda yenyewe ilikuwa hivi. Visu sita vya kukatia na kusafishia samaki, bapa limetoka kwenye springi ya gari, mipini ya vibao viwili vinavyobana msuka, yaani ulimi wa chuma wa nyuma ya bapa, kwa pini tatu za shaba. Vinne vilipata mpingo, mabaki yaliyonunuliwa kwa wachonga vinyago wa Mwenge. Viwili vya mwanzo vilipata mninga kwa sababu mpingo ulikuwa haujafika. Na vyote vikawekewa bitana nyekundu.

Anayeshona nguo anaijua bitana. Kwenye kisu ni ukanda mwembamba unaolala kati ya chuma na kibao cha mpini, kila upande wake mmoja, na ukitazama mpini kwa juu unauona kama mstari. Wengi huuweka kwa urembo. Mama yule alikuwa na sababu nyingine: pale Feri visu vinachanganyika mezani, mipini yote myeusi kwa maji na damu, na kisu chako unakikuta mkononi mwa mwingine. Mstari mwekundu ndio ulikuwa muhuri wake. Kwa hiyo shauri la kwanza nililolitoa, kwamba aondoe bitana kabisa na kugandisha mti moja kwa moja kwenye chuma, lilikataliwa kabla sijalimaliza. Mpaka leo naamini kwa kisu cha kazi ya maji ndilo lilikuwa shauri bora, maana kila tabaka unaloongeza ni mlango mwingine wa maji. Lakini kisu si changu.

Mpini ulioachia una maandishi yake

Tuliziondoa pini kwa drili na kuvifungua vyote vinne. Hapa watu wengi hukimbia, wanatupa vibao vya zamani na kuanza upya. Ukifanya hivyo umetupa ushahidi. Gundi ikionekana pande zote mbili, imekatikia katikati, yaani yenyewe ndiyo imeshindwa. Ikibaki upande mmoja na upande wa pili ukawa mtupu, basi haikuwahi kuushika ule upande mtupu, na hata ukinunua ya bei mara kumi itaachia pale pale. Mti ukichanika huku nyuzi zake zimeng'ang'ania gundi, gundi imemaliza wajibu wake na huna la kuilaumu.

Fundi alikuwa ametumia gundi mbili. Bitana aliibandika kwenye mti kwa supa gluu, kwa kuwa inashika upesi na angeweza kukata umbo siku hiyo hiyo. Kisha kibao chenye bitana yake akakibandika kwenye msuka kwa epoksi ya mirija miwili, ile inayoganda kwa dakika tano.

Visu viwili vilikuwa vimeachia kati ya bitana na mpingo. Supa gluu ilikuwa imebaki kwenye bitana kama ganda la yai, inavunjika ukiigusa kwa ncha ya tupa, na mpingo wenyewe ulikuwa safi, unang'aa. Viwili vingine viliachia kwenye chuma. Epoksi yote ilikuwa upande wa bitana, laini kama kioo, imechukua hata nakala ya mikwaruzo midogo ya msasa, na chuma kilikuwa kitupu chenye ramani ya kutu iliyoanzia mbele karibu na makali na kutambaa kuelekea nyuma.

Kwa hiyo hakuna gundi iliyokatikia katikati. Nadharia ya gundi feki ikafa hapo, ingawa fundi aliendelea kuizika na kuifukua kwa siku kadhaa.

Mpingo ni mti wa mafuta na ni mzito kiasi kwamba unazama majini. Matundu yake ni madogo mno, gundi haipati pa kuingia, na yale mafuta yanapanda juu tena muda si mrefu baada ya kuufuta. Ukitaka ushike, unaupiga msasa mkavu, unaufuta kwa asetoni, unapaka gundi papo hapo, si baada ya kwenda kunywa chai. Fundi alikuwa ameupiga msasa jana yake. Chuma nacho kilikuwa na hadithi yake: visu vinne vya mwisho alivitengeneza baada ya kununua gurudumu la kung'arishia, akang'arisha hadi msuka, sehemu ambayo hakuna jicho litakaloiona. Halafu akafuta kwa thina na kitambaa kile kile anachofutia grainda.

Vile viwili vya mninga vilivyokuwa bado vizima vilitengenezwa kabla ya gurudumu. Msuka wake una michirizi mikubwa ya grainda, kazi ya haraka. Lakini siwezi kuapa kwamba ndiyo iliyoviokoa, maana mama alituambia hivyo viwili anavitumia nyumbani, havikeshi kwenye ndoo ya maji ya chumvi kama wenzake.

Washa ya bomba

Mpaka hapo ningeweza kumwambia arudie kwa usafi zaidi na kwenda zangu. Kilichonizuia ni bitana yenyewe. Niliuliza aliipata wapi, akanionyesha kipande kilichobaki: karatasi ngumu nyekundu, unene wa milimita 0.8, aliyoikuta Gerezani kwa muuza vifaa vya mabomba. Nilipoipinda tu nikaijua. Ni kitu kile kile wanachokatia washa nyekundu za koki na viungio vya bomba. Inatengenezwa kwa karatasi ya pamba iliyopitishwa kwenye zinki kloridi, ikashikamana na kuwa ngumu kama pembe. Watengeneza visu duniani kote wanaipenda kwa bitana, nyekundu, nyeusi, nyeupe, kwani inakatika vizuri na inakubali gundi.

Ila jiulize kwa nini fundi bomba anaipenda. Washa ile inaziba maji kwa sababu ikilowa inavimba. Hiyo ndiyo kazi iliyonunuliwa kuifanya.

Tulikata ukanda tukaulaza kwenye maji ya chumvi usiku mmoja. Kaliba, kifaa cha kupimia unene, ilisoma karibu milimita 0.9 asubuhi. Tukauanika juani, na kufikia saa nane mchana ulikuwa umejikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni. Sasa uweke ukanda huo kati ya chuma kisichovimba kabisa na mpingo unaovimba polepole mno, uuloweshe kila alfajiri na kuukausha kila jioni, miezi miwili, na masika juu yake. Gundi iliyo pale haivutwi moja kwa moja, inamenywa kutoka pembeni, kidogo kidogo. Supa gluu ni hodari ukiivuta wima. Kwenye kumenywa na kwenye kishindo ni dhaifu sana. Epoksi ya dakika tano nayo haivumilii maji na joto kama ile ya polepole. Kwa maneno mengine, fundi alichagua gundi mbili zinazochukia maji zikamshike mtu ambaye kazi yake ni kunywa maji.

Hapo swali letu likageuka. Alikuja akiuliza gundi ipi ina nguvu. Hilo swali halina jibu mpaka ujue bitana yako itafanya nini ikilowa. Ingekuwa kisu cha kukatia karatasi ofisini, bitana ile na supa gluu yake pengine vingedumu miaka na mimi nisingeitwa.

Majaribio ya mezani

Fundi hakuridhika kwa maneno, na alikuwa na haki. Tukachukua vipande vya springi vilivyobaki, tukavipiga msasa namba 60 vyote sawa, tukavifuta kwa asetoni na kitambaa kipya, tukabandika bitana na mti kwa gundi nne tofauti. Mchana juani, usiku kwenye ndoo ya maji ya chumvi, siku kumi. Ni vipande vinne juu ya meza moja, si maabara, lakini vilitosha kumaliza ubishi.

Gundi ya kopo ya mafundi viatu ndiyo iliyonichekesha. Fundi aliitegemea kwa kuwa inashika soli, na soli inalowa. Ni kweli, lakini soli inahitaji gundi inayonyumbuka. Kwenye mpini kunyumbuka ndiko kubaya: joto la jua lilipoingia, mti ulianza kutembea juu ya chuma kama mtu aliyekalia ngozi ya ndizi. Haukuachia, ulihama. Supa gluu ilivumilia siku kama tano, kisha kipande kilipodondoka sakafuni kikatengana kwa mlio mmoja. Nayo ina tatizo lingine la pwani. Inaganda kwa unyevu, ndivyo ilivyoumbwa, na hewa ya Dar mwezi wa nne haina uhaba wa unyevu. Kabla hujanyoosha kibao vizuri imeshakamata. Mmarekani Harry Coover na wenzake waliikuta mwaka 1942 wakitafuta plastiki angavu ya vifaa vya kulengea shabaha, wakaiweka kando kwa sababu inanata kila mahali. Kwa mpini wa kisu cha samaki bado nashauri iwekwe kando.

Epoksi ya haraka ilitoka siku ya kumi ikiwa imeshika katikati lakini kingo zinainuka kwa ukucha. Ya polepole, ile ya saa 24, tuliitia patasi na nyundo. Kilichopasuka ni mti.

Fundi akakubali, halafu akaleta pingamizi la kweli: "Kaka, hiyo ya saa ishirini na nne mimi nina klampu mbili. Visu sita ni siku ngapi? Na banda siachi wazi usiku." Hili watu wanaoandika kuhusu gundi hawaligusi. Epoksi ya haraka haikuingia kwenye banda lile kwa ujinga, iliingia kwa uhaba wa klampu. Dawa yake tuliipata kwa jirani anayeziba pancha: tyubu mbovu za baiskeli, tukazikata mikanda mirefu na kuuviringa mpini mzima kwa kuuvuta. Mpira unabana sawasawa kila upande, haukamui gundi yote nje kama klampu ya chuma ya mtu mwenye hasira. Epoksi inataka kubaki kama ngozi nyembamba kati ya vitu viwili. Ukibana mpaka ikatoka yote, umebaki na kiungo kikavu. Na joto letu ni rafiki hapa: epoksi huenda kwa kasi zaidi kadiri hewa inavyokuwa ya moto, kwa hiyo ya saa 24 ikaanza kushikika mapema kuliko ilivyoandikwa kwenye boksi. Upande wa pili wa rafiki huyo ni kwamba ukichanganya nyingi kwenye kikombe inajipasha yenyewe na kuganda kabla hujaitumia. Changanya ya visu viwili, paka, changanya tena.

Kanga

Lakini bitana ya washa nisingeirudisha hata kwa epoksi ya polepole. Nyekundu mbadala tuliitafuta sana. Mtu mmoja alishauri kipande cha ndoo nyekundu ya plastiki. Ndoo zile hazishikwi na gundi za kawaida za dukani, ndiyo sababu gundi iliyomwagika ndani yake unaibandua kwa kidole. Bodi za saketi za kompyuta mbovu, zile za nyuzi za kioo, zingefaa kabisa. Hazinywi maji na epoksi inazipenda kwa kuwa zenyewe ni kioo na epoksi. Nimezitumia kwenye visu vyangu. Ila ni za kijani, vumbi lake la kioo ni la kuogopwa bila barakoa, na mama alitaka nyekundu.

Suluhisho lilikuwa kutengeneza bitana kutokana na gundi yenyewe. Kitambaa cha pamba kikilowa epoksi, kikapangwa tabaka juu ya tabaka na kubanwa kati ya vioo viwili vilivyofunikwa nailoni, kinakuwa ubao mwembamba mgumu. Wazo ni la zamani, viwanda vya umeme vya Marekani vilikuwa vikifanya hivyo na aina nyingine ya rezini (utomvu wa viwandani unaoganda) tangu karibu mwaka 1910 kwa ajili ya kuhami umeme. Mama akaleta kanga nyekundu iliyochakaa. Tulichoma uzi mmoja kwanza, kwani siku hizi si kila kanga ni pamba: pamba inaungua na kuacha jivu, poliesta inayeyuka na kuacha kitone kigumu. Ya kwake ilikuwa pamba. Tabaka tatu zilitosha, na nyekundu ikakolea zaidi ya tulivyotarajia, karibu na rangi ya zambarau. Mama alipoiona akasema hii haitaibiwa.

Kuna mtego mmoja niliouona kwa bahati. Ubao ule ulipokesha nje ya vioo, asubuhi uso wake ulikuwa na utelezi kama wa sabuni. Hewa yenye unyevu hufanya hadina ya epoksi, ule mrija wa kuigandisha, itoe utando huo, na ukibandika juu yake umebandika juu ya sabuni. Asetoni peke yake huusambaza. Unauosha kwa maji na sifongo ya kusugulia, unaukausha, ndipo unaupiga msasa. Nikajiuliza ni mipini yangu mingapi iliyoachia zamani kwa sababu hiyo, nami nikamlaumu muuza duka.

Kwenye msuka tulirudi kwenye ukali: msasa namba 60, michirizi iende pande zote. Tukatoboa matundu matano madogo zaidi ya yale ya pini, ili gundi ya upande huu ikutane na ya upande ule. Kabla ya kupaka, tone la maji juu ya chuma: likitanda, ni safi, likijikusanya kama shanga, bado kuna mafuta, rudi kwenye asetoni. Msuka wa tatu ulikataa mara mbili, na mara zote mbili ilikuwa kidole cha fundi. Bitana, mti na chuma tukavibandika kwa mkupuo mmoja, gundi moja, bila hatua ya kati.

Kwenye kumalizia nilimwomba fundi kitu ambacho hakukipenda, apige msasa wa mkono karibu na pini. Diski ya grainda inaipasha pini, pini inapeleka joto ndani, na epoksi ya kawaida iliyoganda kwa joto la chumbani huanza kulainika kwenye nyuzi joto 60 hivi. Mpini hautoi moshi wala harufu, kwa hiyo hujui umeharibu. Kipimo changu ni kidole gumba: kama pini haigusiki, simama. Alisimama mara chache kuliko nilivyopenda.

Visu vinne vilikwenda Feri mwishoni mwa mwezi wa tano. Gharama ya gundi ilikuwa kama mara tatu ya ile ya mwanzo, na fundi hakumtoza mama hata senti. Miezi minne baadaye nilikwenda kuvitazama. Viwili havina hata uzi wa ufa. Cha tatu kina mstari mwembamba wa kutu mbele kabisa, pale mpini unapoanza, mahali ambapo tulifuta gundi iliyotoka kwa haraka na pengine tukaifuta mpaka ya ndani. Sijui kama itatambaa, ila tangu hapo fundi anamalizia ule ukingo kabla ya kubandika na kuacha gundi yake bila kuigusa. Cha nne sikukiona. Mama anasema kilitumbukia majini wakati wa kuosha gati, na kwamba bitana yake aliiona ikimetameta mpaka kilipopotea.